Damu Isiyokata: Dawa Ziko, Saa Ndiyo Inayotupiga Chenga

Katika duka la dawa ndani ya Kista Galleria, jumba la maduka lililoko kaskazini-magharibi mwa Stockholm, mwanamke anayesumbuliwa na hedhi nzito anaweza kununua vidonge vya asidi ya traneksamiki bila cheti cha daktari. Analipa kwa kadi, anapanda treni ya laini ya buluu, anarudi zake Husby au Akalla. Dawa hiyohiyo, safari hii ikiwa ndani ya ampuli, ndiyo anayoikimbilia mkunga wa Mbeya au Kisumu pale mama aliyejifungua anapoanza kutokwa na damu isiyokata. Kwa yule wa kwanza ni suala la kwenda kazini bila wasiwasi. Kwa wa pili ni kufa na kupona.

Kista watu wanaijua kwa simu na kompyuta, maana Ericsson ina makao yake makuu pale. Wanaoishi kwenye maghorofa ya Kista na mitaa jirani ya Husby, Rinkeby na Tensta wanaijua kwa mengine pia. Wengi wametoka Somalia, Eritrea na kwingineko Afrika Mashariki, wapo waliojifunza Kiswahili Nairobi au Mombasa kabla hawajafika Ulaya, na si wachache wanaojipatia riziki kwa kuwahudumia wazee, kuwaogesha, kuwalisha na kuwapa dawa zao. Ndiyo maana swali la dawa za kuzuia damu linafaa kuulizwa kutokea hapo, mahali ambapo mtu mmoja anaweza kuwa na mama mkwe anayemeza vidonge vya kuzuia damu isigande, na dada kijijini aliyeponea chupuchupu wodi ya wazazi.

Nianze na msimamo wangu. Dawa za kuzuia damu karibu zote tunazo, nyingi ni za zamani, na kadhaa ni za bei ya chini. Mgonjwa anapofariki kwa kuvuja damu, mara nyingi hakukosa dawa iliyovumbuliwa. Alikosa mtu wa kuona mapema, wa kupima badala ya kukisia, na wa kutoa dawa inayolingana na chanzo.

Chanzo ndicho kinachosahaulika. Mshipa unapokatika, kwanza wenyewe hujibana. Kisha chembe sahani hukimbilia pale na kushikana. Halafu protini zinazotengenezwa na ini, moja ikiiamsha nyingine, humalizia kwa kufuma nyuzi za fibrini zinazolifanya bonge la damu liwe imara. Baadaye mwili huohuo huanza kuliyeyusha bonge hilo ili njia ya damu isizibe. Kila hatua ina ugonjwa wake na dawa yake. Vitamini K huliwezesha ini kutengeneza baadhi ya protini hizo, kwa hiyo inamfaa aliyepungukiwa nazo, na haimsaidii chochote mwenye chembe sahani chache. Traneksamiki haitengenezi bonge hata kidogo. Kazi yake ni kuuzuia mwili usiliyeyushe bonge lililokwisha kufanyika, kama fundi anayemshika mkono mwenzake asibandue kiraka ambacho gundi yake haijakauka. Na dawa inayookoa wazazi wengi kuliko zote, oksitosini, haina habari na kuganda kwa damu. Inakaza misuli ya mfuko wa uzazi, na misuli ikikaza, mishipa iliyoachwa wazi na kondo la nyuma inabanwa.

Kwa hiyo anayeuliza "dawa ya kuzuia damu ni ipi?" ameuliza nusu ya swali. Inatoka wapi, kwa nini, na tangu saa ngapi?

Historia ya jambo hili inapita Stockholm kwa namna ambayo wakazi wa Kista wenyewe wengi hawaijui. Kati ya Sweden na Finland kuna visiwa vya Åland. Mwaka 1924 mtoto wa miaka mitano kutoka kisiwa kimojawapo, Föglö, alipelekwa Helsinki kwa daktari Erik von Willebrand. Jina lake lilikuwa Hjördis, na katika ukoo wake watu walikuwa wakivuja damu puani, kwenye fizi na katika hedhi kupita kiasi. Daktari aliandika habari za ukoo huo mwaka 1926. Hjördis alifariki akiwa na miaka 13, katika hedhi yake ya nne. Sidhani kama ipo habari nyingine fupi inayoonyesha waziwazi zaidi kwamba hedhi nzito si jambo la kunyamaziwa.

Visiwa hivyohivyo vilimtoa Erik Jorpes, mtoto wa kisiwa cha Kökar, aliyekuja kuwa profesa katika Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm. Miaka ya 1930 ndiye aliyeeleza kemia ya heparini, dawa inayozuia damu isigande. Katika idara yake wakafanya kazi mume na mke, Birger na Margareta Blombäck, ambao walitenga kutoka kwenye plazma ya watu waliochangia damu kimiminika chenye protini za kugandisha. Mwaka 1956 Inga Marie Nilsson wa Malmö alikitumia kwa mwanamke aliyekuwa hatarini kwa kuvuja damu, naye akafanyiwa upasuaji wa kuondoa mfuko wa uzazi akapona. Mji mmoja, maabara moja, dawa ya kuzuia kuganda na dawa ya kugandisha! Kampuni ya Kabi ya Stockholm ilizichukua kazi hizi na kuzigeuza kuwa bidhaa za hospitali, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaingiza sokoni traneksamiki kwa jina la Cyklokapron, jina ambalo wauguzi wa Sweden wanalitumia hadi leo hata kama chupa imetoka kampuni nyingine.

Waliovumbua traneksamiki hawakuwa Wasweden, lakini. Walikuwa Wajapani, Utako Okamoto na mumewe Shosuke, waliotangaza kazi yao mwaka 1962. Walianza baada ya vita, nchi ikiwa haina kitu, wakafanya majaribio kwa damu yao wenyewe. Bi Okamoto alikuwa akiingia maabara na binti yake mgongoni kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia. Tangu mwanzo alitaka dawa hiyo ijaribiwe kwa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua, na madaktari wa uzazi aliowaomba hawakukubali. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 98. Jibu alilolitaka lilichapishwa mwaka uliofuata.

Jibu hilo ni utafiti ulioitwa WOMAN, ulioongozwa kutoka London. Wanawake 20,060 waliokuwa wakivuja damu baada ya kujifungua walishiriki, katika hospitali 193 za nchi 21, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Waliopewa traneksamiki na kufariki kwa kuvuja damu walikuwa asilimia 1.5, na waliopewa sindano isiyo na dawa ni asilimia 1.9. Ukiwaangalia waliodungwa ndani ya saa tatu tu, ni asilimia 1.2 dhidi ya 1.7. Asiyezoea takwimu atasema tofauti ni ndogo. Azidishe kwa idadi ya wanaojifungua. Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka huohuo wa 2017 lilipendekeza kila mama anayevuja damu apewe gramu 1 kwa mshipa, taratibu kwa dakika 10, ndani ya saa tatu tangu kujifungua, na kama damu haijakata baada ya nusu saa apewe gramu nyingine.

Uchambuzi uliofuata, uliochanganya takwimu za wazazi na za majeruhi wa ajali, ulionyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida ya dawa kwa karibu asilimia 10, na ikifika saa tatu faida imekwisha. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo takwimu muhimu kuliko zote katika somo hili, kwa kuwa inahamisha mzigo kutoka kiwandani na kuuweka kitandani. Ampuli iliyofungiwa kabatini, ufunguo ukiwa kwa afisa aliyekwenda kula, imeshapoteza sehemu ya nguvu zake.

Na dawa hii si ya kila damu. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa wagonjwa 12,009 waliokuwa wakivuja damu tumboni, kwa vidonda vya tumbo au ini lililoharibika, haukuona kwamba inapunguza vifo. Ulichoona ni kuongezeka kwa damu kuganda kwenye mishipa na kwa degedege. Mwaka 2023 tena, kuwapa wazazi wenye upungufu wa damu kabla hawajaanza kuvuja hakukuzuia kuvuja. Hapa ndipo mazoea ya "mchome tu, haitamdhuru" yanapoanguka.

Twende wodini. Kwa miaka mingi mkunga alikuwa akikadiria damu kwa macho: shuka limelowa kiasi gani, pedi ngapi, beseni limefika wapi. Macho hudanganya, hasa usiku, hasa damu ikichanganyika na maji ya uzazi. Katika utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuhusisha wanawake zaidi ya 200,000, kifaa kikuu kilikuwa mfuko wa plastiki. Mtoto akishatoka, mkunga anautandaza chini ya nyonga za mama, ncha yake ikining'inia ukingoni mwa kitanda. Damu inateremka na kukusanyika kwenye ncha hiyo, na plastiki ina mistari. Hakuna kubahatisha. Kila baada ya dakika 15 kwa saa ya kwanza anaangalia mstari, anapima presha na mapigo ya moyo, anashika tumbo kuona kama mfuko wa uzazi umekaza. Damu ikifika mililita 500, au ikifika 300 na presha au mapigo hayako sawa, haitwi daktari kwanza. Mkunga anaanza mwenyewe, yote kwa mkupuo: anakanda tumbo, anatoa oksitosini, anatoa traneksamiki, anaweka dripu, anachunguza kama kuna mchaniko au kipande cha kondo kilichobaki, na kama haikati anaomba msaada wa juu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Wanawake waliopoteza lita moja au zaidi, au waliopasuliwa tumbo au kufariki kwa ajili ya kuvuja damu, walikuwa asilimia 1.6 penye utaratibu huu na asilimia 4.3 pasipo nao. Dawa zilikuwa zilezile pande zote mbili. Kilichobadilika, pamoja na kutibu kwa mkupuo, ni kugundua: penye mfuko wakunga waliona asilimia 93 ya waliovuja damu kupita kiasi, na pasipo mfuko asilimia 51 tu. Yaani karibu nusu ya waliovuja kupita kiasi walikuwa mbele ya mtu aliyesomea kazi hiyo, na hakuona. Oktoba 2025 WHO iliuingiza mpaka huo wa mililita 300 zikiambatana na dalili mbaya katika mwongozo wake.

Oksitosini nayo ina mkosi wake. Inataka baridi, nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika zahanati na jokofu likawa kabati tu, ampuli haibadiliki rangi wala harufu. Muuguzi anachoma, mfuko wa uzazi haukazi, na lawama zinamwendea mama kwamba "ana uterasi mvivu". Kampuni ya Ferring, iliyoanzishwa Malmö mwaka 1950, ilishirikiana na WHO kutengeneza kabetosini inayostahimili joto, inayokaa miaka mitatu kwenye nyuzi 30. Ilijaribiwa kwa wanawake karibu 30,000, Kenya na Uganda zikiwemo, na matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba haizidiwi na oksitosini katika kuzuia damu. Pasipo sindano wala jokofu, kuna vidonge vya misoprostoli, mikrogramu 600 za kumeza kwa kinga, au 800 chini ya ulimi kwa tiba. Mama atatetemeka na joto lake litapanda, na muuguzi ambaye hakumwambia mapema ataitwa mara kumi na ndugu waliojawa na hofu. Ergometrini nayo ipo, lakini mwenye presha ya juu asiikaribie.

Sasa turudi Kista, ambako shida imegeuka kichwa chini. Pale wanaovuja damu wengi ni wazee, na damu yao imefanywa nyepesi kwa makusudi ili wasipate kiharusi. Vidonge vyao hufika vikiwa vimepangwa na mashine katika vifuko vidogo vya plastiki vilivyoungana mkanda mrefu, kila kifuko kimechapwa jina, siku, saa na dawa zilizomo. Mhudumu anararua kifuko cha saa mbili asubuhi, anahesabu vidonge, anavitia kwenye kikombe, anangoja vimezwe, anatia sahihi. Kwa sheria ya Sweden hafanyi hivyo kwa sababu tu ameajiriwa. Muuguzi mwenye leseni amemkabidhi jukumu hilo kwa maandishi baada ya kuhakikisha anaelewa, na karatasi hiyo haidumu zaidi ya mwaka mmoja.

Chukulia bibi mwenye asili ya Mombasa, anayemeza apiksabani asubuhi na jioni, damu inaanza kumtoka puani. Anainua uso juu kama alivyofundishwa utotoni.

"Bibi, inamia mbele, usiangalie dari."

"Mwanangu, ikimwagika chini je?"

"Imwagike, tutapangusa. Ukiimeza itakutapisha."

Mhudumu anabana sehemu laini ya pua, si mfupa, na anaangalia saa ya ukutani. Dakika 15 kamili, bila kuachia kuchungulia. Kazi nzima iko hapo, na wengi huachia dakika ya tatu. Damu isipokata anampigia muuguzi. Kuna wanaolowesha gozi kwa traneksamiki na kulisokota puani. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2021 haukuona kwamba linazidi gozi lililoloweshwa maji. Kwa aliyeng'olewa jino akiwa anatumia wafarini, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, hali ni tofauti: kusukutua kwa traneksamiki ni jambo la kawaida na linasaidia.

Asichoruhusiwa kupuuza ni kuanguka. Mzee anayetumia dawa hizi akigonga kichwa, hata akisema hajambo na kuomba chai, anahitaji kupelekwa kuchunguzwa, kwa sababu damu ndani ya fuvu huweza kukusanyika kimyakimya kwa saa kadhaa. Vilevile kinyesi cheusi kinachonata na kunuka vibaya, michubuko isiyo na sababu, mkojo mwekundu, na uchovu wa ghafla. Mhudumu anayebadilisha nepi ndiye anayeviona kabla ya daktari yeyote wa hospitali ya Karolinska. (Vidonge vya chuma navyo hufanya kinyesi kiwe cheusi, ndiyo maana muuguzi mzuri huuliza kabla hajapiga kelele.)

Dawa za kurudisha damu katika hali yake zinategemea kilichoifanya iwe nyepesi. Aliyezidisha wafarini, ambayo Sweden huiita Waran, hupewa vitamini K, lakini vitamini K inafanya kazi kupitia ini na huchukua saa nyingi. Kama anavuja ubongoni hangojwi. Anapewa mchanganyiko wa protini za kugandisha kwa mshipa, ambao hufanya kazi kwa dakika chache, na vitamini K juu yake ili nguvu hiyo isiishe baadaye. Heparini inazimwa na protamini. Dabigatrani, nayo ya kuzuia damu isigande, imepata dawa yake tangu 2015. Hospitali yenye vyote hivyo iko mwendo mfupi kutoka Kista. Wilayani kwetu mara nyingi kuna vitamini K na plazma, ikipatikana.

Kuna jambo la kwetu ambalo hakuna karatasi ya Kisweden inayolitaja. Wageni kutoka nyumbani huja na zawadi, na katika zawadi huwamo diklofenaki kwa ajili ya magoti ya mzee, au dawa ya mitishamba ndani ya chupa ya maji. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini juu ya dawa ya kulainisha damu ni mwaliko wa kidonda cha tumbo kinachovuja. Anayetumia wafarini naye akila mchicha, kisamvu au sukuma wiki, asiviache ghafla wala asivianze ghafla. Mboga hizo zina vitamini K nyingi, na kipimo chake cha kuganda kwa damu, INR, kitayumba. Muuguzi wa Kisweden hatauliza habari za kisamvu. Tumwambie.

Upande mwingine wa suala hili ni waliozaliwa na upungufu wa protini za kugandisha. Malmö, chini ya Inga Marie Nilsson, ilianza mwaka 1958 kuwapa watoto wenye hemofilia protini wanayoikosa kila mara kabla hawajavuja, badala ya kusubiri magoti yajae damu. Leo mtoto wa Sweden mwenye hemofilia kali hudungwa nyumbani na mzazi aliyefundishwa na muuguzi, anakwenda shule, anaendesha baiskeli. Afrika Mashariki wengi hugunduliwa jandoni. Mtoto ametahiriwa, wenzake wamepona, yeye kidonda kinatoka damu siku ya pili na ya tatu, na minong'ono ya kurogwa inaanza. Kumbe mjomba wake, upande wa mama, alifariki vivyo hivyo. Ngariba na muuguzi wa kliniki ya tohara wanaweza kuokoa mtoto huyo kwa swali moja kabla ya kisu: katika ukoo wa mama, yupo mwanamume aliyewahi kuvuja damu bila kukata?

Protini hizo ni ghali mno. Mwaka 2014 kampuni ya Sobi, yenye makao Stockholm, pamoja na Biogen ya Marekani, ziliahidi yuniti bilioni moja za msaada kwa nchi zisizoweza kununua, nusu yake ikipitia Shirikisho la Hemofilia Duniani. Kliniki za Muhimbili na Eldoret zimekuwa zikihudumia wagonjwa kwa dawa za namna hiyo. Msaada ni msaada, haujawa sera, na ukikatika watoto hawa hawana akiba. Uuguzi wao hauhitaji wafadhili: usiwachome sindano ya msuli, usiwape aspirini, bana palipochomwa kwa dakika kadhaa, na goti lililovimba lipumzishwe na kuwekewa barafu. Wenye hemofilia hafifu ya aina ya A au ugonjwa wa von Willebrand, ule wa ukoo wa Hjördis, wanaweza kufaidika na desmopresini, dawa nyingine ya Ferring, ila wapunguziwe maji ya kunywa, la sivyo chumvi ya damu itashuka hadi degedege.

Nimeliacha hadi mwisho, kwa makusudi, jambo linaloniogofya zaidi. Mwaka 1936 katika hospitali ya Maria, mtaa wa Södermalm hapohapo Stockholm, wagonjwa wanne walifariki baada ya kudungwa dawa ya zebaki ya kuulia vijidudu badala ya dawa ya ganzi. Chupa zilichanganywa. Mwaka uliofuata Sweden ikatunga sheria ya kulazimisha hospitali kuripoti madhara makubwa yaliyotokana na huduma, na hadi leo taarifa hizo huitwa Lex Maria, kwa jina la hospitali hiyo. Lengo lake si kumtafuta wa kumfunga jela. Ni kujua chupa zilikaa vipi hata zikachanganywa.

Sasa traneksamiki imerudia mkasa huo duniani. Ampuli yake ndogo ya kioo inafanana na ile ya bupivakaini, dawa ya ganzi inayochomwa uti wa mgongo kabla ya upasuaji wa uzazi. Katika chumba cha upasuaji zote mbili huwa mezani, na imetokea mara nyingi, katika nchi tofauti, mama akachomwa traneksamiki mgongoni. Anapata maumivu makali ya mgongo na miguu, kisha degedege, na karibu nusu ya waliotajwa kwenye ripoti zilizochapishwa walifariki. WHO ilitoa tahadhari Machi 2022. Dawa iliyopiganiwa na Bi Okamoto kwa ajili ya wazazi inawaua wazazi kwa sababu ya kabati lililopangwa vibaya.

Kila tunapoipeleka traneksamiki kwenye vituo vingi zaidi, na ni lazima tuipeleke, hatari hii inakwenda nayo. Wafamasia na wauguzi wakuu wa hospitali zetu, fungueni kabati la chumba cha upasuaji wiki hii. Kama ampuli za traneksamiki zimelala jirani na za ganzi, zitoeni mziweke nje ya trei ya ganzi, zibandikeni lebo ya rangi nyingine inayosema "MSHIPA TU", na anayevuta dawa asome jina kwa sauti mbele ya mwenzake kabla sindano haijamgusa mgonjwa. Haihitaji bajeti wala semina.